Gardenia ya Kabondo

Barumbu, tarehe 4 Februari 2024

Leki Patrice, mudogo wangu,

Tulifika. Siku tatu juu ya baleinière ya Faustin, ile mashua yake ya mizigo, mama amelala katikati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni, mimi nikimufukuzia nzi. Mukono wake wa kuume haujasogea, muguu vilevile, lakini mudomo umeanza kufunguka kidogo. Tantine Orpha alitupokea vizuri, ametuachia chumba ya mbele. Réseau ya simu hakuna: antenne ya hapa ilikufa mbele ya Noeli na hakuna mutu anajua itafufuka lini. Donc tutaandikiana. Faustin anapita hapa kila wiki mbili ao tatu. Umungojee port, umupe barua mukononi, usiachie mutu mwingine.

Sasa gardenia tuliyokuachia Kabondo. Usikilize vizuri, juu miaka yote ulikuwa unapita mbele yake kama mutu anapita mbele ya poteau ya umeme. Papa alileta ile muti kutoka bustani ya mission ya Yanonge, kitawi kimoja ndani ya kitambaa chenye maji, mwaka ule nilizaliwa. Ni ndugu ya kahawa, na inapenda kile kahawa inapenda: udongo mweusi wa majani yaliyooza, jua la asubuhi, kivuli cha muchana. Uimwangilie maji ya mvua, yale ya pipa, kuliko ya robinet, yale ya bomba. Udongo ubaki mubichi, lakini mizizi isilale ndani ya maji. Usiweke majivu pale chini. Najua watu wanakuambia majivu ni dawa ya kila kitu. Usiweke. Na ukiona matumba, yale maua ambayo hayajafunguka, usiisumbue tena: usikate tawi, usiache ikauke hata siku mbili. Ikikasirika inaangusha matumba yote chini.

Chini ya ile plastiki niliyotandaza kando yake kuko mikopo ya bati makumi sita, yenye vipande vya gardenia nilivyokata mwezi wa kumi na mbili. Usifunue kila saa kuangalia. Ikipita miezi miwili, vuta kipande polepole. Kikikataa kutoka, mizizi imeshika. Hicho njo chakula chetu, Patrice. Harusi zote za mitaa ya Kabondo na Makiso zinanijua kwa yale maua.

Ile karatasi ya hôpital uliyotuletea port, tukiwa tunapanda, uliipeleka? Ulisema bila kidole cha mama na signature yangu hawatatoa dawa. Nilimushika kidole mimi mwenyewe, na wino ulibaki kwenye kitenge yangu.

Kila asubuhi mama anaamka na neno moja: «Imechanua?» Anataka kurudi kwake, alale karibu na kaburi la papa siku yake ikifika. Nimemuahidi.

Yaya wako, dada yako mukubwa,
Delphine


Kisangani, le 27 Februari 2024

Yaya Delphine,

Bon, salamu nyingi sana kwako, kwa mama na kwa tantine Orpha. Hapa kila kitu iko sawa, mutulie roho. Karatasi niliipeleka na dawa njo hizi, katoni nzima. Docteur anasema mama asikose hata siku moja. Zikibakia kidogo uniambie, nitatuma zingine. Usiwaze bei, hiyo ni kazi ya mutoto mwanaume.

Gardenia iko. Namwangilia kama ulivyosema. Alors, kuko kitu moja: majani mapya yanatoka ya njano, ila mishipa yake inabaki kijani, kama muchoro wa mito kwenye carte ya inchi. Na matumba kumi na moja yalianguka chini. Ni kiu ao ni nini?

Vipande vyako nilivihamisha kidogo tu, upande wa nyuma, kwa sababu ya jua. Donc usiwe na wasiwasi.

Na musiharakishe kurudi. Mama apumuzike kabisa. Hewa ya kwao ni dawa.

Leki yako anayekupenda,
Patrice


Barumbu, tarehe 17 Machi 2024

Patrice,

Nani anachanganya simenti pale?

Jani changa kuwa njano na mishipa kubaki kijani, hiyo haiko kiu. Hiyo ni chokaa. Simenti iko na chokaa ndani, mvua inaishusha kwenye mizizi, na gardenia inakaa mbele ya chakula bila kuweza kukila. Kama ni jirani anajenga, umuombe ahame na beleshi zake. Kama ni wewe, uache. Ondoa udongo wa juu wote ulioguswa, uende kuutupa mbali, halafu ulete majani yaliyooza na masimbi ya kahawa, yale yanabaki chini ya kikombe, umwange maji ya mvua mengi. Itachukua miezi, lakini itapona.

Na nani alikuambia uhamishe vipande? Nilikuambia usiviguse!

Sasa habari nzuri, juu sitaki barua nzima iwe ya kugombana. Mama ameketi. Bila kushikwa! Ameketi kitandani muda wa kula sahani nzima ya pondu, na amenitaja jina, amemutaja tantine, amekutaja wewe. Ni dawa zako. Kila asubuhi nikimupa kijiko namuambia, hii ni Patrice. Tantine anasema mama alizaa mwanaume wa kweli. Mimi niliwahi kusema maneno mabaya juu yako, zamani, na unayajua. Nimeyaondoa.

Pasaka ikipita tutapanda na Faustin. Uandae chumba.

Delphine


Kisangani, le 5 Aprili 2024

Yaya,

Musikuje kwanza! Nilitaka iwe surprise, lakini umenilazimisha. Simenti ni yangu. Natengeneza nyumba kwa ajili ya mama. Paa imetolewa yote, ukuta wa chumba yake unajengwa upya na matofali ya kuchoma, mulango mupana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Sasa mama mugonjwa atalala wapi, chini ya mbingu? Mungojee kazi iishe. Nitawaambia.

Gardenia nimeisafisha kama ulivyofundisha. Imepona, imechanua hata! Nimeweka ua moja ndani ya bahasha, mama asikie harufu na afurahi.

Dawa njo hizi. Nina haraka, Faustin anapiga filimbi.

Patrice


Barumbu, tarehe 26 Aprili 2024

Leki yangu,

Nilisoma barua yako mbele ya watu wote wa hapa nyumbani. Mama alilia kwa jicho moja, lile lenye uzima. Alitaka kujua dirisha litaangalia wapi. Nimemuambia litaangalia gardenia, donc ukumbuke hivyo hivyo. Nilipata haya kwa ile barua ya simenti, nilivyokupigia kelele kama mwizi.

Halafu nikafungua karatasi uliyokunja ndani na kumuwekea mama ua kwenye pua. Alifunga macho. Akavuta hewa muda mrefu. Akasema, na maneno yake bado yanatoka vipande vipande: «Hii si yangu. Hii ni ya makaburi.»

Nikaangalia mimi pia. Lilikuwa limekauka na kuwa rangi ya chai, lakini petali tano nene, katikati njano. Patrice, hii ni frangipani. Iko imejaa pale makaburini, kila mutoto anajua. Gardenia yetu iko na petali nyingi, inafungana kama kabichi ndogo.

Kama haijachanua, useme haijachanua. Hakuna mutu angekukasirikia. Kwa nini unamutumia mama mugonjwa ua la makaburi?

Nijibu na safari hii ya Faustin, nisingojee ingine.

Delphine


Barumbu, tarehe 9 Juni 2024

Patrice,

Wiki sita. Hakuna barua, hakuna dawa. Faustin anasema hukuji tena port. Hii nimemuambia aipeleke hadi Kabondo, abishe mulango.

Mama haketi tena. Ulimi umeanza kulala upya. Jana alitumia asubuhi nzima kutafuta neno, nikamutajia kila kitu kilicho ndani ya nyumba, sufuria, kitanda, maji, na kila mara anakataa na kichwa. Muchana akalipata. Neno lilikuwa «dirisha».

Kama uko mugonjwa, useme. Kama ulifungwa, useme. Kama kuko kitu kingine, vilevile useme, juu mimi nimeanza kukisema mwenyewe ndani ya kichwa na sipendi sauti yake.

Delphine


Kisangani, tarehe 24 Juni 2024

Kwa Mama Delphine,

Hunijui. Ninaitwa Katungu Benie, ninauza chumvi, maharage na sabuni kwa jumla. Mimi na bwana yangu Ambroise tulitoka Butembo miaka miwili iliyopita, kwa sababu ya vita. Barua yako ya tarehe 9 Faustin aliileta mlangoni kwangu. Juu ya bahasha kulikuwa jina la Patrice, lakini Patrice haishi hapa tangu mwezi wa pili. Niliifungua. Ninaomba unisamehe. Baada ya kuisoma nilimushika Faustin mukono, nikamuambia aketi anielezee ninyi ni akina nani, na alinielezea, hata habari ya dirisha.

Mama, hii parcelle, kiwanja na nyumba yake, tuliinunua. Nina karatasi yenye kidole cha mama yako na signature yako kama shahidi, ya tarehe 31 Januari. Patrice alisema mama ameamua kurudi kwao Barumbu kwa siku zote, na kwamba wewe unamufuata. Tuliuliza majirani, wakasema ni kweli, wameona munaondoka na vitu. Nyumba ya zamani tuliibomoa nusu ili kujenga dépôt ya magunia yetu. Chumba ya mbele ingali imesimama.

Maçons wangu, wale wajenzi, walikuwa wanachanganya simenti chini ya ule muti mukubwa. Patrice alikuja siku moja, akaniomba nihamishe kazi na niweke majani yaliyooza. Sikuelewa kwa nini mutu aliyeuza bado anahangaika na muti, lakini nilifanya. Sasa nimeelewa: alikuwa anafuata barua zako.

Siwezi kukuambia nitarudisha nyumba. Kila kitu tulichookoa Butembo kimeingia humu ndani. Lakini sikutaka uendelee kumuahidi mama dirisha ambalo liko langu. Ukitaka, tuma watu wachimbue muti wako. Vipande ulivyoacha vimebaki kumi na vinane. Ninavitunza jinsi ninavyoweza, na kwa kweli sijui.

Mimi,
Katungu Benie


Barumbu, tarehe 14 Julai 2024

Mama Katungu,

Asante kusema ukweli. Ni wewe wa kwanza.

Ile karatasi naikumbuka. Ilikuwa imekunjwa, nikaona tu mahali pa chini. Patrice alisema ni ya dawa, na baleinière ilikuwa inafunguliwa kamba. Mama aliuliza, «Ni nini?» Nikamujibu, «Ni ya kukuponyesha.» Nikachukua kidole chake, nikakikandamiza. Tangu barua yako ifike nimemulaani kila mutu isipokuwa ule mukono wangu.

Muti usichimbue. Muti wa miaka makumi ine haukubali kuhama, utakufa njiani na wewe utabaki na shimo. Uuache. Jani likibaki njano, ongeza masimbi ya kahawa, na usiruhusu maji ya kuosha beleshi yapite pale. Ukiona majani yamefunikwa na weusi kama moshi, ni wadudu wadogo weupe wa chini ya jani: uoshe na maji ya sabuni yako, asubuhi, si wakati wa jua kali. Maua yakiisha, kata matawi marefu theluthi moja, siku zile zile, usingojee. Vile vipande kumi na vinane, kila kimoja kipate mukopo wake wenye matundu chini.

Nina ombi moja, na ukikataa sitashangaa. Mama anakufa. Infirmier, muuguzi wa hapa, hajasema, lakini nimeona watu wengi. Hajui nyumba iliuzwa. Nataka kumuleta. Siku moja tu, aketi mbele ya ile muti, aone ukuta, aamini yuko kwake. Tutamuambia wewe ni mupangaji wa Patrice. Siombi kingine.

Delphine


Kisangani, tarehe 2 Agosti 2024

Mama Delphine,

Umulete. Mama yangu alikufa njiani tukitoka Butembo, chini ya hema ya watu tusiowajua. Walitutendea vizuri.

Nitaondoa magunia kwenye chumba ya mbele. Kuko rideau, pazia ya maua mekundu aliyoiacha Patrice, nitaifua na kuirudisha dirishani. Musiwe na haraka ya siku moja, mukae muda mutakaotaka.

Katungu Benie


Ubundu, le 20 Oktoba 2024

Yaya Delphine,

Mufanyabiashara mumoja kutoka Kisangani aliniambia mama alikufa. Aliniambia sokoni, mbele ya watu, akifikiri najua. Nilijifanya najua.

Sina la kujitetea, lakini acha niseme vile ilikuwa. Nilitaka kununua moteur ya mutumbwi mukubwa na rafiki yangu Sébastien, tufanye biashara hapa Ubundu, kupanda hadi Kindu. Nilifikiri kwa miezi mitatu nitakuwa nimenunua parcelle ingine, nzuri kuliko ile, na mama atarudi kwenye nyumba mupya, na hakuna mutu atauliza. Mutumbwi uligonga jiwe mwezi wa tano, na mizigo ya watu juu, ikazama. Watu hawakufa. Tangu siku ile nabeba magunia kwenye gare, siku treni inakuja, na siku haikuji navua.

Lakini dawa, yaya. Dawa zote zilitoka kwenye ile parcelle. Kama nisingeuza, mama angekufa mwezi wa pili. Hilo ulikumbuke unaponihukumu. Na ua lile, nilikuwa nimeenda kwa kaburi la papa kumuomba musamaha, nikalichuma pale. Sikukuwa na ubaya.

Naomba jambo moja tu. Mama aliacha neno kwa ajili yangu? Hata likiwa baya.

Patrice


Kisangani, tarehe 11 Novemba 2024

Patrice,

Mama alikufa tarehe 3 Septemba, saa nane ya muchana. Tulimuzika kando ya papa.

Dawa, ni kweli. Nimelifikiria hata kabla hujaniandikia. Nilikuwa namunywesha mama nyumba yake, kijiko kwa kijiko, huku nikimuambia, hii ni Patrice. Kama ungekuja ukasema, «Yaya, hatuna dawa, tuuze parcelle», ningelia, na ningesaini. Mama pia. Kidole angekuwekea mwenyewe, bila kushikwa. Hukuuza kwa ajili ya dawa. Uliuza kwa ajili ya moteur, na dawa ukatununulia ili tukae mbali.

Sasa usikie vile alirudi. Tulifika tarehe 23 Agosti. Faustin na wanaume wawili wa port walimubeba juu ya kiti hadi Kabondo. Mama Katungu alikuwa ametoa magunia yote. Alitoa picha za harusi yake kwenye ukuta. Bwana yake na watoto walienda kulala kwa ndugu yao, ili nyumba isiwe na sauti ya watu wengine. Ukuta wa dépôt alikuwa ameufunika na matawi ya mangala, yale ya kuezekea, kama paillote, kibanda cha matanga, tukamuambia mama ni kazi ya kutengeneza nyumba haijaisha. Maua ya gardenia yaliyokuwa yamefunguka yalikuwa matatu. Tulimuwekea mama kiti mbele ya muti.

Alikaa pale hadi jua likageuka. Aliangalia ile muti, aliangalia yale matawi ya mangala, aliangalia viatu vya watoto tulivyosahau kando ya mulango. Mama Katungu akaleta chai. Mama akaipokea na mukono wa kushoto, na akamuuliza, polepole, akitafuta kila neno: «Mama, naweza kukata moja?»

Alimuuliza yeye. Hakuniuliza mimi.

Mama Katungu akasema, «Kata yote, mama.» Mama akasema moja linatosha. Na alipolipata akasema, «Asante kunipokea kwako.» Mama Katungu alikimbilia jikoni, na mimi nikabaki nimesimama na kisu mukononi, kama mutu ambaye michezo yake imeonekana. Siku kumi na moja alizolala pale, hakutaja tena nyumba. Hakuuliza chumba, hakuuliza wewe uko wapi. Alikuwa mugeni mwenye adabu. Alikuwa anakunja shuka yake mwenyewe, na mukono moja.

Mimi nimepanga chumba mutaa wa Mangobo. Mama Katungu ameniachia mahali pa nyuma ya dépôt niendelee na vipande vyangu, bure, na ni mwema. Kila asubuhi nabisha hodi kwenye parcelle ya papa. Watoto wake wananifungulia wanasema, «Ni mama wa maua.» Juzi bwana arusi mumoja alikuja kuagiza, akaniuliza kama mwenye nyumba ananilipa vizuri.

Umeuliza kama mama aliacha neno. Aliacha. Alilisema mbele yangu na mbele ya Mama Katungu, muchana, akili yake ikiwa safi, na alichukua muda mrefu kulimaliza. Ni neno lako, jina lako liko ndani.

Sitaliandika. Faustin hatalibeba, na nimemukataza Mama Katungu kulisema. Ukilitaka, ukuje unisimamie mbele, unitazame, uniulize na mudomo wako. Treni ikikosa, kuko moto, ile pikipiki. Moto ikikosa, barabara ya Ubundu watu wanaitembea na miguu, hata wazee.

Delphine